Kuepuka si Kukwepa

Hotuba kwa wafanyabiashara na wenye nyumba za kupangisha, Majengo, Pumwani, Nairobi

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Gikomba, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni. Ingieni, viti viko hapa mbele.

Mwenyekiti aliponipigia simu wiki mbili zilizopita aliniambia, "Binti yangu, njoo utufundishe kukwepa ushuru." Nilijua hana nia mbaya. Alitaka nije nieleze jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kulipa kidogo bila kuvunja sheria. Lakini neno alilotumia lilinikaa kichwani usiku kucha, kwa sababu mbele ya hakimu neno hilo lina kifungo. Ndipo nikaona afadhali nianzie hapo, kwenye maneno, kabla ya kufika kwenye pesa.

Kiswahili kimetupa maneno mawili na sisi tumeyafanya moja. Kuna kukwepa na kuna kuepuka. Jiwe limerushwa, linakujia usoni, ukainamisha kichwa likapita: umekwepa. Lile jiwe lilikuwa limeshatupwa na lilikuwa lako. Sasa chukua mtu anayetoka hapa kwenda Kamukunji. Anajua njia ya huku leo imejaa matope, kwa hiyo anazungukia upande mwingine tangu mwanzo. Huyo ameepuka. Matope hayakumgusa, na hakuna mtu wa kumwambia alipaswa kuyakanyaga.

Ushuru uko hivyo hivyo. Anayekwepa, deni limeshamfikia kwa mujibu wa sheria, naye analificha: anaficha mauzo, anaficha wapangaji, anaandika gharama ambazo hakuzitoa, ana daftari moja la mkaguzi na jingine chini ya godoro. Anayeepuka amepanga mambo yake mapema, kwa njia ambayo sheria yenyewe inaijua, na deni likazaliwa dogo au halikuzaliwa kabisa. Wote wawili wanaweza kumaliza mwaka wakiwa wamelipa kiasi kile kile, hata kama ni sufuri. Mmoja ni mhalifu, mwenzake ni raia mwenye akili. Tofauti yao huioni kwenye kiasi walicholipa. Utaiona ukiuliza swali moja: ulichoandika ndicho kilichotokea?

Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu kwa miaka mingi hapa Nairobi, na kinachoniuma ni hiki. Wengi ninaowaona wakikwepa wangeweza kuepuka. Wanavunja sheria kuokoa pesa ambazo sheria ilikuwa tayari kuwaachia. Tajiri ana mshauri anayemwonyesha kila nafuu iliyomo kwenye sheria. Mama wa Gikomba ana jirani anayemwambia, "Usiandike, hawatajua."

Nitawapa mfano wa mama mmoja. Simtaji jina, na nimebadilisha hesabu kidogo ili asijulikane. Ana ploti Kayole, vyumba kumi, kila chumba Sh 8,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh 80,000 kwa mwezi, Sh 960,000 kwa mwaka. Sheria inasema mwenye nyumba za makazi ambaye kodi ya nyumba anayokusanya kwa mwaka inazidi Sh 288,000 na haizidi milioni 15 anatozwa ushuru wa mapato ya kupangisha. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi yote aliyokusanya. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Kwa mama huyu ni Sh 6,000 kila mwezi. Na hapo hatoi gharama yoyote, awe ametengeneza paa, awe amechimba choo kipya.

Sasa mama ana mkopo wa Sacco aliojengea vyumba hivyo. Riba peke yake ni Sh 30,000 kwa mwezi. Msimamizi wa ploti analipwa na mama Sh 12,000. Maji, taa za uani na kuzoa taka, Sh 8,000. Ukarabati, ukiugawanya kwa miezi yote, Sh 10,000. Kwenye zile 80,000 anabaki na 20,000, na kwenye hiyo 20,000 anaambiwa atoe 6,000. Aliona si haki. Akafanya kile ambacho jirani alimshauri: akaandika vyumba vinne. Akawa analipa Sh 2,400 kwa mwezi na kuficha Sh 3,600. Kwa mwaka, Sh 43,200 zilizofichwa, na kila mwezi anaandika uongo kwa mkono wake mwenyewe chini ya PIN yake mwenyewe, ile namba yake ya mlipa ushuru.

Mama zangu, nisikilizeni hapa. Sheria hiyo hiyo inampa mwenye nyumba ruhusa ya kumwandikia Kamishna wa Ushuru barua na kusema: mimi sitaki utaratibu huu wa asilimia 7.5, nataka kuhesabiwa kwa faida yangu ya mwaka kama wafanyabiashara wengine. Akishakubaliwa, anaandika kodi ya vyumba vyote kumi, vyote, halafu anatoa riba, mshahara wa msimamizi, maji, ukarabati. Sitaji mkopo wenyewe. Sehemu ya mkopo unayorejesha haihesabiwi, riba tu ndiyo gharama. Faida yake inakuwa Sh 240,000 kwa mwaka. Kwa mtu asiye na mapato mengine, fungu la kwanza la Sh 288,000 kwa mwaka linatozwa asilimia 10, kwa hiyo ushuru wake ni Sh 24,000. Na kila mkazi wa Kenya ana nafuu ya binafsi ya Sh 28,800 kwa mwaka. Nafuu inaumeza ushuru wote. Deni lake ni sufuri.

Alikuwa akiiba Sh 43,200 kwa mwaka na bado akilipa karibu 29,000 juu yake. Kumbe kwa kusema kweli tupu angelipa sufuri. Nilipomfanyia hesabu hiyo mezani kwangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Mpaka leo sina jibu la kumridhisha kwa swali hilo, na ndiyo sababu nimekuja hapa.

Nitataja milango mingine upesi. Kuna wafanyakazi wa mshahara humu, na wengi wenu mna watoto walioajiriwa. Mtu akiweka akiba kwenye mpango wa pensheni uliosajiliwa, michango yake mpaka Sh 30,000 kwa mwezi inatolewa kwenye mshahara kabla ya kutozwa ushuru. Mpaka Desemba 2024 kikomo kilikuwa Sh 20,000. Anayelipwa laki moja, akiongeza akiba ya Sh 10,000, amepunguza ushuru wake kwa Sh 3,000 kila mwezi. Riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe inatolewa mpaka Sh 360,000 kwa mwaka. Bima ya maisha na ya elimu ina nafuu ya asilimia 15 ya malipo, isiyozidi Sh 60,000 kwa mwaka. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha msamaha na Mamlaka ya Ushuru hatozwi kwenye Sh 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi, na nimekutana na watu wenye haki hiyo waliokatwa kwa miaka kumi kwa sababu hawakuambiwa waombe cheti.

Hayo yote Bunge liliyaweka kwa makusudi. Linataka watu wajiwekee akiba ya uzee ili wasiwe mzigo. Linataka watu wajenge. Ukitumia nafuu hiyo umefanya kile ambacho sheria ilikuomba ufanye. Usione haya.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna ule ushuru wa mauzo unaoitwa TOT, wa biashara ambazo mauzo yake ya mwaka yanazidi milioni moja na hayazidi milioni 25. Unatozwa kwenye mauzo, faida haiangaliwi. Kama unauza kitu chenye faida nono, utaratibu huo ni mwepesi na unakufaa. Lakini kama wewe ni wa jumla, unauza sukari au unga, gunia zima linakuachia shilingi chache, basi kutozwa kwenye mauzo kunaweza kula faida yote. Nawe pia unaweza kumwandikia Kamishna uchague kutozwa kwa faida. Watu wa unga, nawaona pale kushoto. Tutaonana baadaye na madaftari yenu.

Wazee wetu waliijua tofauti hii kabla ya sisi kuzaliwa. Wakoloni walipoingia walitoza kodi ya kibanda. Kila kibanda kilihesabiwa, na mwenye boma alilipa kwa idadi ya vibanda vyake. Lengo lilikuwa kumlazimisha Mwafrika atafute pesa taslimu, na pesa taslimu ilikuwa kwenye shamba la mlowezi. Wazee walifanyaje? Wengi walipunguza vibanda. Wake wawili waliokuwa na nyumba mbili wakalala nyumba moja, na vijana ambao kwa mila wangejenga vyao wakabaki kwa baba. Maisha yalikuwa ya kubanana, lakini mhesabuji alipofika aliona kibanda kimoja na kweli kilikuwa kimoja. Hawakudanganya mtu. Serikali iliumia sana kwa jambo hilo, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa ili mwanamume asiye na kibanda naye anaswe.

Hicho ndicho kinachotokea kila mahali. Huko Uingereza nyumba zilitozwa kwa idadi ya madirisha kuanzia 1696, na watu wakaziba madirisha kwa matofali, wakaishi gizani. Kodi hiyo ilifutwa 1851, lakini madirisha yaliyozibwa bado yanaonekana. Kuziba dirisha ni kuepuka. Mtu akilifunika dirisha kwa turubai siku ya mkaguzi na kulifunua kesho yake, hapo amekwepa. Na anayeepuka ana gharama yake: aliyeziba dirisha alikosa mwanga kweli, na wazee wetu walibanana kweli. Aliyekwepa anataka mwanga na msamaha kwa pamoja.

Sasa nifike mahali pagumu, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani kila ujanja ulioandikwa kwenye karatasi ni halali.

Kati ya kuepuka na kukwepa pana ukanda wa katikati, na ndiko watu werevu wanakopotelea. Sheria inasema ukiuza bidhaa zinazotozwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, na mauzo yako yakafika milioni tano kwa mwaka, lazima ujisajili, utoze VAT ya asilimia 16 na kuipeleka serikalini. Kuna mtu ana duka la vitambaa linalouza milioni 12 kwa mwaka. Anashauriwa aligawe mara tatu: sehemu yake, sehemu ya mkewe, sehemu ya shemeji. Kila sehemu inauza milioni nne, hakuna inayofika tano. Karatasi zote ni halali. Vyeti vitatu vya biashara, PIN tatu, namba tatu za kulipia M-Pesa.

Mkaguzi anakuja. Anakuta mlango mmoja, stoo moja, muuzaji mmoja wa mzigo anayeleta kwa ankara moja, na mwanamume mmoja anayeamua bei. Shemeji yuko Machakos na hajawahi kuliona duka. Hapo hakuna biashara tatu. Kuna biashara moja iliyovaa nguo tatu. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, kifungu cha 85, inahusu mipango ya namna hiyo, iliyoundwa kwa ajili ya kuukimbia ushuru, na adhabu yake ni mara mbili ya ushuru ambao ungeepukwa. Sheria ya Ushuru wa Mapato nayo, kifungu cha 23, inampa Kamishna uwezo wa kuurekebisha mpango ambao lengo lake kuu ni kupunguza ushuru.

Lakini ikiwa mke ana mtaji wake, anaagiza mzigo wake, akipata hasara inamuumiza yeye, na amefungua Eastleigh duka la shuka huku mume akiuza suti Gikomba, hizo ni biashara mbili. Hakuna wa kuwalazimisha kuwa moja kwa sababu wamelala kitanda kimoja. Mimi huwauliza wateja wangu swali moja: kama ushuru huu usingekuwepo, ungelifanya jambo hili? Ukijibu ndiyo bila kusitasita, uko salama. Ukianza kutafuta maneno, rudi ukae tena na mpango wako.

Mahakama za Uingereza zilipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1935 walikuwa na kesi ya Duke wa Westminster, tajiri aliyeandika hati ya kumlipa mtunza bustani wake kila mwaka badala ya mshahara wa kawaida, kwa sababu malipo ya hati yalimpunguzia ushuru. Duke alishinda. Jaji Tomlin alieleza kwamba kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili ushuru wake upungue. Wanasheria waliishi kwa maneno hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Kisha mwaka 1981, katika kesi iliyojulikana kama Ramsay, majaji wa mahakama hiyo hiyo walikutana na mpango wa hatua nyingi zilizozunguka na kurudi pale pale zilipoanzia, bila faida wala hasara ya kweli, wakakataa kutazama hatua moja moja. Wakatazama mpango mzima, wakaona hakuna kitu ndani.

Na kukwepa kwenyewe, ule uongo wa wazi, kuna bei gani? Kifungu cha 97 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru kinataja makosa ya ulaghai: kuacha kwa makusudi mapato kwenye ritani, ile taarifa ya mapato unayoipeleka serikalini, kudai gharama usiyostahili, kutengeneza hati za uongo. Adhabu ni faini isiyozidi milioni kumi au mara mbili ya ushuru uliokwepwa, kubwa kati ya hizo mbili. Au kifungo kisichozidi miaka kumi. Au vyote viwili. Sisemi haya kuwatisha. Nimeona mtu mzima, baba wa watoto, akitetemeka mikono mbele ya meza ya mkaguzi kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa karatasi mbili.

Kuna mzee ameniuliza nilipokuwa naingia, na nimemwahidi kumjibu mbele ya wote. Aliniambia hivi: "Binti, wakubwa wanaiba. Kampuni kubwa zinahamisha faida nje. Kwa nini mimi niseme kweli?"

Mzee wangu, sehemu ya kwanza na ya pili ya maneno yako sina la kuyapinga. Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki liliripoti mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na biashara za kampuni kubwa ndizo zenye sehemu kubwa zaidi. Hapa kwetu, mwaka 2005, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Unilever Kenya, iliyokuwa ikiiuzia kampuni dada yake ya Uganda kwa bei ya chini kuliko ilivyowauzia wengine. Kampuni ilishinda, kwa sababu wakati huo Kenya haikuwa na kanuni zake za bei kati ya kampuni ndugu. Mwaka uliofuata kanuni zikatungwa. Na Machi 2019 mahakama hiyo ilibatilisha mkataba wa ushuru kati yetu na Mauritius baada ya shirika la kiraia, Tax Justice Network Africa, kwenda kortini. Kosa lilikuwa kwamba mkataba haukupitishwa Bungeni inavyotakiwa.

Angalieni vizuri jinsi hayo yalivyotokea. Tundu la 2005 lilizibwa kwa sababu lilionekana kortini, mchana. Mkataba wa Mauritius ulianguka kwa sababu watu walisimama kwa majina yao wakashtaki. Tarehe 16 Machi 1922, hapa hapa Nairobi, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, yeye aliyekuwa akipinga kodi kupandishwa, kipande na mishahara kukatwa. Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Risasi zikapigwa, na watu wasiopungua 20 wakafa. Na Juni 2024 watoto wetu walitembea barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengine hawakurudi, na tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Wote hao walikuwa wakisema wazi kwamba ushuru huu hatuutaki. Mwenye vyumba sita vilivyofichwa hawezi kusema hivyo kwa sauti. Anaogopa akisema, wataanza na ploti yake. Hasira yako, mzee, ni ya haki kabisa, nami ninayo. Nakuomba tu usiifiche pamoja na daftari. Mficha uchi hazai.

Katiba iko upande wako. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru utakaotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria, na kwamba hakuna sheria inayoweza kumtoa afisa wa serikali katika kulipa ushuru kwa sababu ya cheo chake. Kwa hiyo afisa akikudai, una haki ya kuuliza: ni sheria gani, kifungu gani? Ukipelekewa tathmini, yaani hesabu ya ushuru unaodaiwa, usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuandika pingamizi. Kamishna asipokubaliana nawe, una siku 30 za kwenda kwenye Mahakama ya Rufaa za Ushuru, ambayo ni baraza linalojitegemea. Siku hizo ni dhahabu. Lakini ili uzitumie lazima uwe na karatasi.

Na hapo ndipo nataka kuwaambia habari za baba yangu.

Alikuwa seremala, karakana yake ikiwa Gikomba, upande wa mtoni. Vitanda, kabati, madawati. Hakujua kompyuta. Kila mwaka ifikapo Juni alimpa kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, pesa kidogo na nywila yake, na kijana akampelekea ritani ya sufuri. Yaani baba yangu, aliyeamka saa kumi alfajiri maisha yake yote, aliiandikia serikali kwamba mwaka mzima hakupata hata shilingi. Hakujua ndivyo ilivyoandikwa. Kijana alimwambia tu, "Mzee, imekubali."

Shule moja ilimnunulia madawati kwa miaka miwili. Ikamlipa kwa hundi, na ikaandika malipo hayo na PIN yake kwenye vitabu vyake. Mwaka 2017 barua ikaja. Ilichukua malipo yote ya shule kama mapato yake, bila kutoa mbao, bila kutoa misumari, bila mishahara ya vijana wanne, kisha ikaongeza adhabu na riba. Kiasi hicho hakijawahi kuwa mikononi mwa baba yangu siku yoyote ya maisha yake.

Nilikuwa nimeanza kazi. Nililala pale kwake kwa wiki nzima, tukifungua magunia. Risiti za mbao alikuwa akizitundika kwenye waya juu ya dirisha, na mvua ilikuwa imezifuta nyingi. Karatasi ilikuwapo, wino haupo. Zilizosomeka tukaziweka kwenye mkebe wa Kimbo. Tulikwenda kwa wauza mbao kuwaomba nakala. Wengine walikuwa wamehama, mmoja alikuwa ameungua na soko. Tuliandika pingamizi siku ya ishirini na nane. Deni lilishuka, lakini halikushuka mpaka pale lilipostahili, kwa sababu kwa nusu ya gharama zake hatukuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya neno lake. Aliuza randa ya umeme ili kulipa. Nilipiga hesabu nikiwa peke yangu, nikaona kwamba kama angeandika kweli miaka ile yote, ushuru wake halali angeulipa kwa kuuza kabati mbili.

Mtu akiniambia kukwepa ni ujanja, namkumbuka baba yangu akikunja waya ule mtupu.

Kwa hiyo leo sikuja na karatasi za kugawa. Nimekuja na wenzangu watatu, wako pale kwenye meza za nyuma, nao hawatozi chochote. Wenye vyumba waende meza ya kwanza, waje na mkataba wa mkopo na risiti za ukarabati. Kumbukeni kwamba tangu Januari 2024 gharama nyingi za biashara hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, kwa hiyo fundi akimaliza kazi, kabla hujampa pesa ya mwisho, mwombe ankara. Mama mboga asiwe na hofu na jambo hili. Kama mauzo yake ya mwaka hayafiki milioni tano, siku hizi sheria inamruhusu mnunuzi aiandike ankara hiyo kwa niaba yake. Watu wa unga na sukari, meza ya pili, na madaftari. Aliyewahi kumpa mtu wa saiba nywila yake, aje kwangu mwenyewe. Tutafungua ritani zako pamoja, mwaka kwa mwaka, tuone kilichoandikwa. Ukikuta kuna kosa, sheria inakuruhusu kupeleka ritani ya marekebisho, na ni heri uipeleke wewe kabla ya barua kukufikia.

Mama wa kitenge cha buluu, uliinua mkono mapema nikakuomba usubiri. Samahani kwa kukuweka. Tuanze na wewe.